Simu ya Siku ya Ishirini na Nane

Dharan, Jumapili

Kaka Dilkumar,

Huku tupo. Paa tumeziba, na mbuzi kazaa mapacha.

Unajua baba alipolala chumba cha wagonjwa mahututi aliandikishwa kwenye utafiti wa oksijeni wa hospitali ninayofanyia kazi. Bahasha iliyofungwa, inayochukuliwa kwa bahati nasibu, ndiyo iliyoamua apewe nyingi au kidogo. Mama akaniuliza, "Wewe si nesi? Bahasha ipi nzuri?" Nikamwambia, "Tungejua, mama, tusingefanya utafiti." Baadaye baba akaruhusiwa kurudi nyumbani.

Siku ya ishirini na nane ya utafiti lazima niipigie simu kila nyumba ya mgonjwa, hata kwetu. Nikapiga kutoka kazini, nikasoma swali kama lilivyoandikwa: "Mgonjwa yu hai?"

"Anaendelea vizuri, amelala tu," mama akajibu upesi.

"Mama, ni mimi, Nirmaya."

"Nimezoea, mwanangu. Ndivyo ninavyomjibu kaka yako kila Ijumaa, asije akaacha kazi huko Doha."

Fomu ina visanduku viwili, "Ndiyo" na "Hapana". Nikakitia alama cha pili, nikapiga nyumba iliyofuata.

Baba tulimzika tarehe tisa, kaka. Ijumaa ukipiga, muulize mama habari za mbuzi.

Mdogo wako,
Nirmaya