Jiwe la Mbao la Babu

Kishler Hollow,
Pennsylvania.
Tarehe 9 Novemba.

Mpendwa Shangazi Darlene,

Salamu zangu zikufikie kabla ya habari zangu. Hujambo? Watoto hawajambo? Joto la Tucson limepungua, au bado unaweza kukaanga yai juu ya boneti ya gari kama ulivyomwambia Babu kwenye simu? Huku asubuhi nyasi zinavunjika ukizikanyaga, ila theluji bado. Goti la Mama limepata nafuu tangu wambadilishie zamu pale kwenye nyumba ya wazee. Baba yuko barabarani na lori la magogo siku nyingi za wiki, na akirudi hulala na buti miguuni. Mimi ni mzima.

Babu naye mwili wake ni mzima. Nasema mwili kwa makusudi, kwa sababu barua hii ni yake kuliko yangu. Swali lililomo ndani ya nyumba yetu sasa ni kama ataingia msituni na bunduki baada ya Krismasi, katika msimu wa kuwinda kwa magobori, ambao hajaukosa hata mmoja tangu uanzishwe. Lakini nitaanza na habari nyingine, maana wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba barua isiingie nyumbani kwa mtu kwa kupiga mlango teke.

Shuleni naendelea vizuri. Historia na kemia nimepata alama za juu. Mwalimu Pruitt ameandika tena kwenye ripoti kwamba Corinne anajua majibu ila hayatoi. Mama alicheka. Babu alisema mtu anayefunga mdomo hana haja ya kutema nzi. Vitabu ulivyonitumia nimevimaliza, na kile cha nyota nimekisoma mara mbili.

Karakana imejaa kuliko ulivyoiacha. Mlango wa banda la kuku sasa unajifungua wenyewe asubuhi kwa mota ya waipa za lori lile la kijani. Pia Babu ametengeneza mashine ya kunyonyoa kuku kwa kutumia pipa la mashine yetu ya kufulia iliyokufa. Inafanya kazi vizuri kupita kiasi. Kuku wa kwanza alitoka bila manyoya na bila bawa moja. Babu akamtazama, akasema, "Huyu alikuwa na haraka," kisha akaenda kupunguza mwendo.

Maoni yake hayajapungua. Selotepu ni ahadi, skrubu ni ndoa. Bunduki yenye kitako cha plastiki ni mwiko wa kupikia. Mtu anayebeba bastola kwenda kununua maziwa ama anayaogopa maziwa ama anataka aulizwe. Trekta lenye kompyuta ni mkwe asiyeongea na wewe ila kupitia wakili. Na hakuna bunduki iliyo tupu mpaka uichungulie mwenyewe, na ukishaichungulia, ichungulie tena. Haya unayajua. Nayaandika kwa sababu napenda kuyasikia, na siku hizi nayasikiliza kwa makini zaidi.

Mwezi wa Agosti jirani alimletea mashine yake ya kukatia nyasi. Unakumbuka anavyofungua mashine: kila kipande kwenye tundu lake katika ile trei ya keki ya Bibi, kwa mpangilio, ili kurudi iwe kama kusoma sentensi kinyumenyume. Alipomaliza kuifunga, vipande vilibaki kwenye trei. Akaifungua tena. Vikabaki tena, na safari hii havikuwa vilevile. Mwisho alisema kiwanda kilizidisha vipande, na jirani akacheka, nami nikacheka. Baba nilipomweleza alisema kila mtu husahau, hata yeye alisahau njia ya kutokea mjini akiwa na magogo mgongoni.

Sasa nifike kwenye jambo lenyewe.

Jumamosi ya mwisho ya Oktoba tulikwenda kwenye mashindano ya klabu ya shabaha. Ni yaleyale: magobori tu, supu ya kuku na mahindi kwenye sufuria kubwa, mayai yaliyolazwa kwenye siki ya bitiruti, na Clair Zeigler akisimamia mstari wa kupigia shabaha kwa fulana yake ya rangi ya chungwa. Mimi nilikaa nyuma ya kamba na kitabu.

Kengele ya ng'ombe bado ipo. Anayeshindilia risasi kwenye gobori bila kutanguliza baruti huvalishwa kengele hiyo shingoni, na haivui mpaka mwingine akosee. Babu ndiye aliyeipeleka pale klabuni, na alikuwa hajawahi kuivaa. Asubuhi hiyo alilenga, akavuta, jiwe la kuwashia baruti likagonga chuma, cheche zikaruka, pakatoka kimoshi kidogo pembeni, basi. Zeigler akainamia mtutu, akanusa.

"Orville, humu risasi imelala peke yake. Inalia upweke."

"Leteni mapambo yangu," Babu akasema, akainamisha shingo.

Wanaume wakafurahi kama watoto. Mmoja akamuuliza, "Orville, ukikamuliwa unatoa lita ngapi?"

"Nyingi kuliko maziwa mkeo anayotia kwenye kahawa ya wageni."

Basi akaendelea kupiga na kengele shingoni. Kila akishindilia, mwili ukitikisika, kengele inalia. Ikawa kama muziki wa mahali pale: kengele, kimya, mlio wa bunduki. Kengele, kimya, mlio. Mimi nikasoma.

Baada ya chakula Zeigler alipita nyuma yake akamuuliza kuhusu kabureta ya trekta. Babu alikuwa amekwisha kushindilia. Akageuka na kumpa somo zima, na Zeigler alipoondoka akarudi kwenye meza yake. Ndipo nikasikia kengele inalia tena. Niliinua macho kwenye kitabu kwa sababu ile kengele ilikuwa ya pili, na mlio wa kati sikuusikia. Bunduki za wengine zilikuwa zinalia, lakini gobori la Babu sauti yake naijua.

Ufito wake wa kushindilia una alama aliyoichonga kwa tupa. Gobori likiwa na mzigo mmoja, alama inalingana na mdomo wa mtutu. Safari hii alama ilisimama juu ya mdomo, karibu kiganja kizima. Mizigo miwili, mmoja juu ya mwingine. Mtutu ungeweza kupasuka mbele ya uso wake. Babu akauchomoa ufito, akauweka mezani, akainua gobori begani.

Shangazi, sheria ya mstari unaijua. Mtu yeyote, hata mtoto, hata mgeni aliyekuja kunywa supu, akisema acheni kupiga, kila bunduki inashushwa hapohapo, na hakuna anayeuliza kitu mpaka zote ziwe chini. Babu alinifundisha nilipokuwa na miaka tisa. Alisema afadhali watu wote wakucheke kuliko mmoja asicheke tena.

Nilisimama. Nadhani mara ya kwanza sauti haikutoka. Mara ya pili ilitoka, na ilikuwa kubwa kuliko nilivyokusudia.

"Acheni kupiga."

Bunduki zikashuka mstari mzima. Ya Babu ilishuka kwanza kuliko zote, kabla hajajua kwamba nilikuwa nasema naye.

Zeigler akauliza, "Nani kaita?"

"Mimi."

"Kuna nini, binti?"

Nikamwambia Babu, "Babu, rudisha ufito ndani uutazame."

Akautumbukiza. Akaitazama ile alama kwa muda mrefu, kama mtu anayesoma barua ya mwandiko asioujua. Zeigler akaleta kile kichupa cha gesi kinachosukuma mzigo nje bila moto. Risasi ya kwanza ikatoka, ikaanguka kwenye nyasi. Akatia gesi tena. Ikatoka ya pili. Nilidhani watacheka, na ningefurahi kama wangecheka. Hakuna aliyecheka. Zeigler akanyoosha mkono amvue kengele.

Babu akaushika ule mkono. "Iache, Clair. Hakuna aliyekosea baada yangu."

Akafungasha vitu vyake. Tukarudi na kengele shingoni mwake, na unajua barabara yetu ilivyo. Ililia kwenye kila shimo. Tulipovuka daraja ndipo aliposema, "Ulipaza sauti."

"Ndiyo, Babu."

"Sikujua unayo."

Kengele ikaendelea kulia mpaka nyumbani. Jioni hiyo, Baba aliporudi, alimweleza yeye mwenyewe mezani, bila kupunguza kitu. Baba akasema, "Mzee, kila mtu husahau."

"Kusahau miwani ni kusahau, Dwight. Hili lina jina lingine, na sitaki kulijifunza mtutu ukiwa usoni pangu. Au usoni pa huyu." Akaninyooshea uma. Kisha akafunga kabati la bunduki, akampa Mama ufunguo. Mama akashangaa, maana unajua hapendi hata kulipangusa vumbi. Babu akamwambia, "Ndiyo maana. Wewe peke yako humu ndani huna hamu ya kulifungua."

Mama amempatia nafasi kwa daktari mwezi ujao, na Babu amekubali kwenda. Hili pekee litakuonyesha hali ilivyo. Kwenye simu za Jumapili huwezi kulijua, maana kwenye simu anakupa maoni tu, na maoni yote bado yako mahali pake.

Wiki ile iliyofuata aliingia karakanani peke yake. Hakuniita kumshikia tochi. Nilikuwa napita karibu na mlango nikijifanya natafuta paka. Nilifikiri amekasirika, si kwa sababu niliita, ila kwa sababu niliita mbele ya watu. Sikujua namna ya kuuliza. Nilisoma sana wiki ile, na sikumbuki nilichosoma.

Jana baada ya shule alibisha mlango wa chumba changu. Hajawahi kubisha, huwa anaita kutoka chini ya ngazi. Akasimama mlangoni na aproni yake yenye mafuta.

"Kile kijiwe chako cha mbao bado unacho?"

Nilipoanza kujifunza, hakutaka niguse jiwe la kweli. Alinichongea kipande cha mti mgumu kiingie mahali pa jiwe, ili nilenge na kufyatua bila kutoa cheche. Nilikitumia mwaka mzima. Tangu hapo kinakaa kwenye kikombe changu cha kalamu.

Nikamwambia kipo.

"Niazime."

"Kwa ajili ya nani, Babu?" Nilijua, lakini niliuliza.

"Kuna mwanafunzi mpya," akasema.

Tukashuka pamoja. Mama akafungua kabati, akasimama pale mikono imefumbatwa kifuani. Babu akaniambia nichungulie, nikachungulia. Akaniambia nichungulie tena. Kisha akaondoa jiwe la kweli kwenye gobori lake, akanipa mimi, akaweka la mbao na kulikaza kwa skrubu. Akalenga ukuta wa nyuma wa karakana, akavuta. Likagonga tu, ta, kama mtu anayegonga kijiko mezani. Hapakuwa na cheche. Akalitazama kidogo, akasema lile jiwe halijamdhuru mtu tangu nilipokuwa na miaka tisa, na halitaanza sasa.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba atakwenda msituni, na atakwenda hivyo. Atakaa kwenye kibanda chetu cha kuwindia na gobori lake magotini na jiwe la mbao. Mimi nitakaa na kitabu kama kawaida. Lakini kuna jambo la pili, nalo ndilo alilonituma.

Alipokuwa akipangusa mikono alisema, "Mwandikie Darlene. Mimi nikimpigia nitaishia kuzungumzia hali ya hewa. Mwambie bunduki yake nimeipaka mafuta kila mwaka tangu aondoke, na kwamba kibandani kuna benchi la watu watatu." Kisha akaongeza, "Mwambie pia ni nani aliyeita."

Nimekuambia yote, Shangazi. La mwisho naliongeza mimi: njoo. Baba atakuwa barabarani sikukuu nzima, na mimi nimeweza kusema mara moja, sijui kama nitaweza kila mara. Ukiwepo tutakuwa wawili wa kumsikiliza. Nitakuachia kona ile isiyopigwa na upepo. Jiwe la kweli ninalo mimi, kwenye kikombe cha kalamu, mahali lilipokuwa lile la mbao.

Mama anakusalimu sana, na anauliza kama bado unakula matufaha yaliyopondwa yenye mdalasini, akuwekee chupa. Baba atakusalimu akiamka. Nisalimie mumeo Raymundo, na uwabusu Inez na Teo kwa niaba yangu. Mungu akulinde njiani na nyumbani, akufungulie barabara mwezi wa Desemba, na akupe ruhusa kutoka kazini.

Mimi mtoto wa kaka yako, nikupendaye na kukungoja,

Corinne

Nyongeza: Babu ameuliza kama nimeshaziba bahasha. Anasema ulete soksi nzito, kwa sababu huko jangwani umesahau baridi, na usinunue zile zenye betri.