Mapigo Ishirini na Nane kwa Dakika

Makebuko, Gitega,
Burundi.
21 Agosti 2011

Mpendwa mdogo wangu Fabiano,

Pokea salamu nyingi kutoka huku vilimani. Natumaini zitakukuta mzima, wewe na wifi yangu Jeska na watoto wote. Mmeshaanza kutayarisha vitalu vya tumbaku? Mgongo wako je, bado unakusumbua ukiinama? Sisi huku hatujambo. Maharage yalitoka machache lakini mihogo ipo, na baridi ya kiangazi imeanza kulegea.

Ujumbe wako wa simu niliupata. Uliuliza jambo moja tu, Baba yupo au hayupo, na sikushangaa kuulizwa hivyo. Najua wanaopita mpakani wamekufikishia habari kwamba alikufa Muyinga, wengine kwamba alikufa hapa Makebuko mbele ya kilima kizima, na wengine kwamba tunaishi na mtu asiye yeye. Nakujibu kwanza lile uliloliuliza: Baba yupo. Ninapoandika haya ameketi uani anapukuchua maharage. Mengine nakuandikia kwa barua kwa sababu kwenye simu ningelia.

Ilianza mwezi wa sita mwaka jana. Baba alitaka kumwona shangazi Gaudensia kule Muyinga, ambaye hakuwa ameonana naye tangu mwaka ule wa mauaji, sabini na mbili, Baba alipokimbilia Tanzania. Nikamsindikiza. Alishuka garini mzima, wakakumbatiana na dada yake, wakalia, wakacheka. Chakula kilipoletwa aliinama kunawa mikono, akaanguka. Hakutoa hata sauti. Uso wake ukawa kama majivu na midomo ikaiva rangi ya zambarau. Shangazi alimshika kiganja akatafuta pigo, hakulipata. Akaweka sikio kifuani, akasikiliza. Halafu akafungua kitenge alichojifunga akamfunika Baba mpaka usoni.

Ng'ambo ya uchochoro kuna karakana ya seremala mmoja, Mzee Othmani, Mwislamu, jirani wa shangazi wa miaka mingi. Aliposikia kilio alikuja na futi yake bila kuitwa. Ndivyo anavyowafanyia majirani: huja kupima mapema ili wafiwa wasihangaike na jeneza. Alipiga goti, akafunua kitenge, akanyoosha futi kutoka utosini hadi kwenye visigino, kisha akaipitisha mabegani. Mimi nilikuwa nimesimama palepale, Fabiano, hili sikusimuliwa. Shingo ya Baba ilianza kujaa damu, joto likampanda usoni kama mtu aliyekaa karibu na moto, na macho yakafunguka.

Othmani hakukimbia. Aliikunja futi yake polepole, akaitia mfukoni.

"Mama," alimwambia shangazi, "mi siwezi kumupima mutu mwenye ananiangalia."

Baba alimpita Othmani kwa macho, akatazama kona ya chumba. Akauliza, kwa sauti ya mtu aliyekatizwa mazungumzo: "Egidius ameenda wapi? Alikuwa amekaa hapo."

Unajua Egidius ni nani, ingawa sisi tulikuwa hatujazaliwa alipokuwepo. Ni kaka mkubwa wa Baba, yule aliyechukuliwa mwaka ule na mwili wake haukuonekana tena.

Othmani alikaa ameushika mkono wa Baba kwa muda mrefu. Alituambia kwamba moyo unapiga, ila kati ya pigo na pigo mtu anaweza kukata tamaa na kuuachia mkono. Alituandikia namba ya simu ya binti yake Yasmina, muuguzi hapa Gitega, anakaa mtaa wa Yoba. Alituomba tumwone mara tu tukifika. Lakini Baba alisema ni uchovu wa safari, na unamjua Baba.

Tuliporudi Makebuko alianguka tena mara mbili, mara moja shambani, mara moja kwenye foleni ya maji mchana kweupe. Kila mara ilikuwa vilevile: majivu, kimya, halafu damu inarudi na anaamka akimtafuta Egidius. Mara ya pili alinikasirikia kwamba nimemwita mapema. Akaniambia walikuwa wengi safari hii, wamekaa kwenye ukuta wa udongo, na walimwachia nafasi.

Kuna jambo jingine lililowatia watu hofu. Akiwa amekaa tu, anakunywa uji, mshipa wa shingo yake ulikuwa ukitulia kisha unaruka ghafla mara moja, kwa nguvu, kama kitu kilichogonga kutoka ndani. Wanawake waliokuja kutupa pole walikuwa hawamtazami machoni, wanatazama shingo. Baadaye waliacha kuja. Njia ya kisimani inapita mbele ya mlango wetu, nawe ungeona jinsi walivyoanza kuzungukia kwenye migomba.

Na huku kulikuwa na Kasiano. Huyu ni mtoto wa Egidius, binamu yetu, ndiye tuliyemkuta kwenye shamba la babu. Alibaki yatima wa miaka minane, akalilima shamba lile peke yake tangu akiwa mtoto, sikumlaumu. Tuliporudi kutoka ukimbizini alisema Baba yetu Sebastiani alikufa sabini na mbili, ukoo ulimlilia na ukamaliza matanga, *kuganduka* kama wanavyosema hapa, na mtu aliyemalizwa matanga hagawiwi ardhi. Habari za kuanguka zilipoenea akaongeza jambo. Alisema kilimani pote kwamba mtu anayekufa na kurudi si Sebastiani, ni kitu kilichokuja na sura yake. Mdogo wangu, nikuambie ukweli ambao sijamwambia mtu: kuna usiku nilikaa nikimtazama Baba amelala nikajiuliza hilohilo.

Ndipo nilipompigia Yasmina. Alikuja mwenyewe, akatupeleka hospitali, akatutafutia daktari. Walimlaza Baba, wakamfunga nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi ndefu yenye mistari. Mapigo yalikuwa ishirini na nane kwa dakika. Ya kwangu walipima yakawa sabini na sita.

Daktari ni mtu wa Giheta, amekua karibu na wapiga ngoma. Alinieleza kwa utulivu nami nakueleza vile nilivyoelewa. Moyo una vyumba vinne, viwili juu na viwili chini. Damu iliyochoka kutoka mwilini inaingia chumba cha juu kulia, inashuka cha chini, inasukumwa kwenda mapafuni kuchukua hewa. Inarudi chumba cha juu kushoto, inashuka, na kile cha chini kushoto, chenye ukuta mnene kuliko vyote, kinaisukuma mwili mzima mpaka kidole cha mguu. Kati ya juu na chini kuna milango inayofunguka upande mmoja tu, ili damu isirudi ilikotoka. Lakini nani anaamuru vyumba vipige? Akaniuliza kama nimewahi kuona ngoma zikipigwa, ile ya katikati, *inkiranya*, inayoongoza nyingine zote. Akasema moyoni nayo ipo, kwenye ukuta wa juu, inatoa amri, na amri inashuka kwa njia nyembamba kama uzi. Kwa Baba njia ile imekatika kwa uzee. Vyumba vya juu vinapiga vyao, vya chini havisikii, vinajipigia vyenyewe polepole. Mara nyingine vinasahau kabisa kwa nusu dakika. Hapo damu haifiki kichwani, mtu anakuwa kama maiti, na vikikumbuka, anarudi.

Nikamuuliza juu ya shingo. Akasema mara nyingine vyumba vya juu vinasukuma wakati milango ya chini imefungwa, na damu isiyo na pa kwenda inaruka kurudi shingoni. Fabiano, nililia kwa furaha pale pale. Kilichokuwa kinagonga kilikuwa damu ya baba yetu mwenyewe.

Lakini ilibaki habari ya Egidius, nikamuuliza. Akasema ubongo ukikosa damu unaweza kuleta ya zamani. Akaandika kitu.

Kabla sijasahau: katika barua yako ya nyuma uliandika kwamba Klara wenu anaumwa koo kila mara na sasa magoti yanavimba. Wodini tulilala karibu na binti mmoja wa miaka kumi na minne, midomo ya bluu, hawezi kupanda ngazi tatu bila kuketi. Alianza hivyohivyo, koo na viungo, wakampa majani ya kienyeji. Ugonjwa wa koo ulishuka ukala milango ya moyo wake. Usingoje mavuno, mpeleke Klara hospitali wiki hii, wampe sindano. Na wewe nenda ukapimwe shinikizo la damu, usiseme huumwi kitu. Mama mmoja kule wodini hakuumwa kitu miaka kumi, na presha ikimchosha moyo kimyakimya mpaka miguu ikavimba kama mito. Punguza chumvi.

Dawa ya Baba ilikuwa moja: kifaa kidogo chenye betri, kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, na uzi wake unaingia moyoni kuamrisha mapigo. Yasmina alisikia kwamba kuna madaktari wageni watakaokuja Kigali na akamwandikisha. Baba alikataa. Alisema amevuka mipaka ya kutosha, na kwamba kule anakokwenda akianguka hakuna kitu kibaya, wanamngoja. Alisema hivyo bila huzuni yoyote, na hilo ndilo lililonitisha kuliko kuanguka kwenyewe.

Mwezi wa kwanza mwaka huu ikaja siku ya shauri la shamba. Wajumbe wa tume ya ardhi walikaa kwenye nyasi pamoja na wazee wa kilima, na watu walikuwa wengi. Kasiano alisimama akasema maneno yake yaleyale, kwamba hawezi kugawana mashamba na maiti. Baba aliinuka kumjibu, akaanguka. Watu walitawanyika kama kuku walioona mwewe. Tulibaki mimi, mzee mmoja asiyeweza kukimbia, na Kasiano. Sijui kwa nini hakukimbia. Alipiga magoti, akalaza sikio kwenye kifua cha Baba, na nikaona uso wake unavyosubiri. Tulisubiri sana. Nilihesabu mpaka ishirini na tatu.

Pigo likaja. Kasiano alishtuka kama aliyepigwa kofi. Baba alifungua macho, akamshika shati, akamwambia kwa Kirundi, taratibu, kama mtu aliyetumwa: "Kasiano, baba yako amechoka kulala kichwa chini. Yuko kwenye shimo la kuivishia ndizi."

Hakuna shimo kama hilo shambani, Fabiano. Lakini yule mzee asiyeweza kukimbia alisema lilikuwepo zamani, nyuma ya mikahawa, na lilifukiwa Kasiano akiwa mtoto. Walichimba kesho yake. Walimkuta. Alikuwa ameingia kwa kichwa, miguu juu, na Kasiano alimtambua kwa mkanda.

Nilimuuliza Baba alijuaje. Anasema hakumbuki kusema neno. Anasema Egidius alipochukuliwa yeye alikuwa ameshavuka mto. Labda mtu alimwambia zamani huko Katumba ukimbizini akalisahau. Labda ndivyo. Nimeandika nilichokiona, basi.

Tulimzika Egidius kwa heshima, padri akaja, shangazi Gaudensia akaja kutoka Muyinga, na Mzee Othmani ndiye aliyetengeneza sanduku. Shamba halikuhitaji shauri tena. Kasiano alitembea na Baba wakapanda miyenzi, ile miti ya uzio, kwenye mpaka, upande wetu ukiwa na kisima.

Nilidhani Baba sasa ataondoka kwa amani. Haikuwa hivyo. Wiki mbili baada ya mazishi alianguka humu ndani, nikiwa peke yangu naye. Nilishika mkono nikahesabu. Alipoamka hakuuliza habari za mtu. Aliushika mkono wangu kwa nguvu kiasi kwamba kucha zake ziliniacha alama, na macho yake yalikuwa ya mtoto aliyepotezwa sokoni.

"Nipelekeni Kigali," alisema.

Tulimpeleka mwezi wa nne, Kasiano akambeba mgongoni mpaka barabarani. Wakamwekea kile kifaa. Mapigo ni sitini, hayapungui, mchana na usiku. Tangu hapo hajaanguka, anapanda kilima kwenda misa bila kupumzika, na wanawake wanapita tena mbele ya mlango.

Jioni tuliyorudi kutoka Kigali nilimuuliza kwa nini alibadili nia. Alipapasa kile kivimbe chini ya ngozi. Halafu akanipa maneno haya, akataka niyaandike kama alivyoyasema: "Mwandikie Fabiano aje kuniona huku. Safari ile ya mwisho nilifika, ukuta upo, mahali pangu papo. Hapakuwa na mtu."

Wasalimie sana wifi Jeska, Klara, na jirani zetu wote wa zamani wa Katumba. Shangazi Gaudensia anakusalimu, Kasiano pia, anasema anataka kukuona sura. Mungu aulinde moyo wako usiku ukiwa hujui kama unapiga, na asubuhi akuamshe.

Ni mimi dada yako, ninayekupenda na kukungoja,

Anisia