Mbona Leo Hakuniita

Shoga, nimo kwenye basi narudi Tottenham, nina hasira mpaka basi. Nimetoka kwenye uzinduzi wa santuri ya marehemu baba, zile rekodi zake za jazi ya hard bop zilizotolewa upya.

Unajua kila mara kabla hajapuliza tarumbeta alikuwa anamwita mama: "Haya Zuwena, sikiliza." Studio nzima inasikia, na kwenye rekodi imo.

Wameikata hiyo sauti! Kila wimbo, wameikata!

Nikamuuliza yule bwana wa kampuni, sauti ya baba iko wapi? Kacheka. Ati wamesafisha kelele.

KELELE! Nimeona kinyaa, mkono niliompa nimeufuta kwenye buibui mbele yake.

Na mama kakaa kiti cha mbele, kajipamba. Wimbo wa mwisho ulipokwisha kaninong'oneza: "Najla, mbona leo hakuniita?"