Kulwa, Kapteni Sikudhani Amezeeka

Kulwa,

Usianze kunicheka. Najua ungesema, Doto naye, mtu amekufa unamwandikia barua, utaipeleka posta gani? Mimi naiandika hivyo hivyo. Ni mchana, umeme umekatika Nsemulwa yote, mashine ya kutoa kopi imekaa kimya na mimi nimekaa nayo. Tangu tukuzike Kasansa pembeni ya baba, mvua zimekuja na zimeondoka. Mahindi ya Mayu mwaka huu ni mazuri na ng'ombe wawili wamezaa. Mwenyewe hajambo, ila tangu uondoke, nikienda kumsalimia alikuwa anapakua sahani mbili, ananiangalia, halafu moja anaimwaga tena kwenye sufuria. Tangu tuzaliwe sheria yake ni moja, pacha hapewi kitu peke yake, na mwanamke wa Kisukuma aliyezaa Kulwa na Doto huwezi kumfundisha leo kupakua sahani moja.

Kibanda umiza chako hakipo. Yaani banda lipo, lakini mwenye banda ameweka meza ya pool, na wikiendi wanaangalia mpira wa Ulaya. Filamu hakuna tena, kwa sababu aliletwa kijana mmoja kutafsiri badala yako na watu walimzomea siku ya kwanza. Anatafsiri kinachosemwa tu! Hacheki, hagombani na adui, haulizi wanawake wa benchi la nyuma kama na wao wangemsamehe bwana wa kwenye filamu. Nilimwonea huruma kidogo. Kidogo tu.

Ninachotaka kukueleza ni habari ya Kapteni, maana ndiyo iliyoninyima raha miezi yote hii.

Unaikumbuka ile siku ya kwanza. Mimi nimekaa pembeni yako nashika waya wa maikrofoni usichomoke. Filamu ni ya yule mwanamke mwenye meli ya angani, mweusi, mrefu, asiyecheka na mtu. Jina lake la kizungu hukulipenda, ukampa jina la shangazi, Sikudhani. Ikafika pale anapoketi kula. Anagawa chakula mara mbili, anakula upande mmoja, upande wa pili anauacha. Hakuna anayemuuliza, na filamu yenyewe haielezi. Mtu mwenye adabu angenyamaza. Wewe ukainua maikrofoni ukasema, "Huyu ni pacha, jamani. Huyu ni Doto. Kulwa wake amepotea huko juu." Banda zima likaguna, na mama mmoja akasema, "Maskini, ndiyo maana hacheki."

Kutoka hapo hukushikika tena. Filamu zilipokwisha watu wakaanza kukusimamisha njiani kukuuliza Kapteni alizaliwa wapi, mama yake ni nani, huyo pacha alipotelea wapi. Ndipo ukaja dukani kwangu na ile akili yako ya kuagiza watu. "Doto, washa kompyuta." Wewe unasimulia huku unatembea kati ya kaunta na mlango, mimi nachapa, wateja wa kopi wanasubiri na hawalalamiki. Kitabu cha kwanza kilikuwa utoto wake. Cha pili, siku pacha wake alipopanda meli ya wachimbaji, ile yenye kasi kuliko zote, akaondoka bado kijana na hakuonekana tena. Cha tatu, vita. Jalada la manila la bluu, pini tatu za stepla, kwisha. Vilifika mpaka Karema na vingine vilirudi vinanuka dagaa. Nilikuwa nakusema kwa kelele zako, lakini sijawahi kufurahi maishani kama siku zile.

Cha nne ulikianzia hospitalini, figo zikiwa zimeshakataa. Ulikuwa unaongea sentensi mbili unapumzika. Ukaniambia mwisho wake wenyewe, Kapteni anafika kwenye sayari ya mwisho na anamkuta pacha wake mzima. Ukanishika mkono. "Usimuue, Doto. Watu wamesubiri sana."

Nilichapa mpaka ukurasa wa arobaini na moja, meli inatua, mlango unafunguka. Nikashindwa. Kulwa, nisikufiche, nilikukasirikia. Nilikaa mbele ya ile kompyuta nikakutukana kwa sauti, mteja akatoka mbio. Ulijua unakwenda, halafu mimi ndiye uliyenipa kazi ya kuandika kwamba pacha amekutwa mzima? Mimi niliyeosha nguo zako na kuzigawa? Kila mtu mjini anajua Doto ni nani na Kulwa ni nani. Wangesoma wanionee huruma, na huruma yao sikuitaka. Nikaandika kwamba alimkuta amekufa, nikafuta. Nikaandika hai, nikafuta. Wateja wakija kuulizia cha nne nikawa nasema wino umeisha.

Basi katika hali hiyo akaja Mwalimu Felista, yule anayefundisha fizikia sekondari, msomaji wako mkubwa. Amebeba simu anahema. Akaniambia wazungu nao wameandika vitabu vya maisha ya Kapteni! Wale wale wenye filamu, vitatu, vya kununua kabisa. Tulikaa wiki nzima nyuma ya kaunta, yeye anasoma Kiingereza na kunieleza, mimi nasikiliza kwa roho juu. Kulwa, hana pacha. Hajawahi kuwa na pacha. Alikulia peke yake kwenye kambi ya watu waliokimbia sayari yao, chakula kinakuja leo na kesho hakiji, akajizoesha kuacha nusu. Ndiyo hivyo tu. Umeudanganya mji mzima wa Mpanda miaka sita, na uso mkavu kabisa.

Nilicheka mpaka nikajishika mbavu. Halafu nikalia, maana wa kucheka naye hakuwepo.

Habari ikatoka nje, si unajua mji huu. Vijana wakasema tuvichome vitabu vyako, ni feki. Wengine wakasema wazungu ndio hawajui, wao mapacha wanawajulia wapi? Mimi nilikuwa upande wako kwa ubishi tu, mpaka Mama Jeni alipopita na beseni lake la migebuka. Unamjua, yule aliyekuja kutoka Burundi mtoto mgongoni mwa mama yake. Akasikiliza kelele zetu zote, akalitua beseni. "Nyie hamjawahi kukimbia," akasema. "Mama yangu mpaka leo analalia kipande cha muhogo chini ya mto." Nikanunua samaki ambao sikuwa na haja nao.

Kwa hiyo nilikubali moyoni kwamba wenzetu wana kweli yao, na kweli yao ni nzito. Nikaona na wewe hukusema uongo wa kupoteza watu. Uliona mtu ameacha nusu ya chakula na ukakumbuka sahani za mama yetu. Kila mmoja alitazama kutoka kwenye jiko la kwao. Lakini hilo halikunisaidia na ukurasa wa arobaini na moja. Mlango wa meli ulikuwa bado wazi na Kapteni amesimama pale.

Nikamwambia Mwalimu Felista shida yangu. Nikamwambia, nikimuua pacha namvunjia Kulwa ahadi, nikimwacha hai namdanganya kila anayesoma na mimi mwenyewe wa kwanza. Akauliza, huyo pacha si alipanda meli ya kasi kuliko zote? Nikasema ndiyo. Kasi ya kukaribia mwanga? Nikasema Kulwa alizidisha mambo, ndiyo, kasi ya mwanga. Akagonga kaunta kwa furaha. Akanieleza kwamba mtu anayesafiri kwa kasi ile, saa yake inakwenda taratibu kuliko ya aliyebaki. Yeye anaona imepita miaka michache, huku nyuma aliyeachwa ameshakuwa mzee. Si uchawi, ni hesabu kabisa, na akaniambia kitu kilichonimaliza: wataalamu wakitaka kuielezea, mfano wanaotumia ni wa mapacha. Mmoja anasafiri, mwingine anabaki.

Nilifunga duka saa sita mchana. Nilikwenda kukaa kitandani nikalia kilio ambacho sikulia Kasansa, maana siku ile kulikuwa na wageni wa kupikia.

Kesho yake nikaandika. Nimekutii, Kulwa, nimemwandika hai. Mlango unafunguka na yule kijana amesimama pale, kijana vile vile, meno yote, hana hata mkunjo. Na Kapteni mbele yake ana mvi kichwa kizima na anatembelea fimbo. Kijana anasema, "Mbona umezeeka?" Kapteni anasema, "Mimi ndiye niliyebaki." Utoto wa njaa nao nimeuingiza, sura nzima, mama anaficha muhogo kwa ajili ya watoto wawili. Mama Jeni ndiye aliyenisaidia, na jina lake nimeliweka kwenye jalada chini ya langu na lako.

Kimetoka wiki iliyopita. Wapo walionuna, walitaka mapacha warukaruke na kukumbatiana. Wengine walisoma wakiwa wamesimama palepale kaunta na wakaondoka bila kuaga. Mayu hajui kusoma, nikamsomea mwenyewe. Nilipofika kwenye mvi akanizuia kwa mkono, akasema, "Sasa wewe kula ushibe, mwanangu." Siku ile alipakua sahani moja.

Kwa heri, Kulwa, kaka yangu wa dakika kumi unayejifanya umenizaa. Neno "Mwisho" sijaliandika kwenye kile kitabu, ule mstari wa chini nimeuacha wazi. Wasomaji wameanza kuuliza Kapteni aliishi vipi miaka yote hiyo katikati, alipenda nani, alichoka lini, magoti yalianza kuuma akiwa na miaka mingapi. Siwezi kuwajibu kwa kubuni tu kama wewe. Itabidi niyaone kwanza.

Kwa hiyo nakuahidi, sitakuja haraka. Nitazeeka kweli kweli, mwaka mmoja mmoja, na kila mwaka nitauandika. Siku nikifika huko utakuwa bado na miaka thelathini na tatu, na mimi bibi kizee nisiye na meno. Usinicheke. Nipishe nikae, nipumzike kwanza, halafu nikusomee tangu siku ulipoondoka.

Pacha wako,
Doto