Askari Amepoa

Nyumba ya Mama,
Chumba cha uani,
Jumapili, tarehe 14.

Mpendwa Dada,

Hujambo huko uliko? Shemeji hajambo? Na wanangu wawili, shule inaendaje? Sisi tunavuta pumzi. Mwanao ameota jino la pili na ananing'ata bila huruma. Nimempakata kwa mkono mmoja, naandika kwa mwingine, kwa hiyo usinicheke mwandiko.

Nina jambo nataka ulifanye. Nimeliweka mwisho. Usilikimbilie, maana bila habari za mbwa utasema nimechanganyikiwa.

Ulisema Askari achomwe sindano apumzike. Nisamehe, sikukutii. Mbwa wa Mama huyu, aliyekuwa hakosi baiskeli ya kufukuza! Tangu tumzike Mama alikuwa hafukuzi hata nzi. Kutwa amelala mlangoni pa chumba cha Mama, anaota jua. Chakula kile kile, lakini amenenepa kama gunia, na mkia umenyonyoka ukawa wa panya. Shemeji yako akasema anaomboleza. Mimi nikasema neno letu la nyumbani: amepoa.

Nilimpeleka kwa daktari wa mifugo, mwanamke mkavu asiyependa maneno mengi.

"Ana nini?"

"Amepoa tu, daktari."

"Amepoa vipi? Ametulia, au ana baridi?"

Akanishika mkono akauweka sikioni mwa Askari. Dada, tulitoka juani, na sikio lilikuwa baridi. Moyo nao ulikuwa unapiga kwa kujivuta.

Akamtoa damu. Akasema ni tezi ya shingoni, ile inayoupa mwili moto wake, imelala. Kipimo kimoja hakukiamini, kwa sababu hata ugonjwa mwingine hushusha kiwango cha homoni ya tezi. Akapima kwa cha pili, kinachoonyesha jinsi ubongo unavyoipigia tezi kelele iamke. Kelele tele, tezi kimya. Nikauliza kama na paka wetu naye ajihadhari. Akasema paka mara nyingi huugua kinyume: tezi inamkimbiza, anakula sana na anakonda. Nikamfikiria shemeji yako.

Ni kidonge asubuhi na jioni, kabla ya chakula, maisha yake yote. Hata akichangamka nisikatize. Baada ya wiki sita anapimwa tena, saa chache baada ya kidonge. Nimeandika kwa chaki kwenye mlango wa kabati, chini ya saa za dawa ya mtoto.

Wiki ya tatu alifukuza baiskeli. Mwenye baiskeli alitutukana sisi na ukoo wetu, nami nikacheka mpaka nikajikuta nalia.

Dada, unaikumbuka sweta ya Mama, mchana wa jua kali? Uso ulivyovimba, nywele zilivyobaki kwenye kitana, sauti ilivyokuwa nzito? Tukimuuliza anasema, "Siumwi, wanangu, nimepoa tu." Nasi tukafurahi kwamba ukali umemwisha. Tulimsifia, wewe na mimi.

Sijui kama ilikuwa tezi. Hakuna aliyempima. Lakini kila nikipita mlango ule nikiwa na kidonge mkononi, nalisikia neno lile kwa sauti yake ile nzito, na Askari huinua kichwa kama naye amelisikia.

Nilimweleza daktari. Akasema, "Mimi ni wa wanyama, mama. Wewe nenda hospitali ukapime." Nilikwenda Jumanne, maana nasinzia hata nikinyonyesha. Majibu ni Alhamisi.

Sasa jambo langu. Kwenye simu juzi nilikuuliza sauti imekuwaje, ukasema mafua. Nikakuuliza kama bado unagombana na wanangu, ukacheka. Ukasema, "Siku hizi nimepoa, mdogo wangu."

Nenda ukapimwe damu. Waambie tezi ya shingo. Usiniambie huna nafasi, na usinitumie salamu kabla ya majibu.

Mkumbatie shemeji, na wanangu wote wawili. Mungu akutunzie moto wako, dada, hata ule wa kunigombeza.

Wako akupendaye, na leo anayekuamuru,
Kitindamimba