Jeep Nyeupe Imepakwa Rangi ya Matope

Butembo, siku ya ine jioni

Basoda ba vita bananyanganya batu kila jeep ya kupendeza, ningefanya nini? Leo fundi Kambale amemaliza yangu. Moteri mupya, ressorts (springi) mupya ine, mais kwa inje chrome yote imetoka, na weupe umefunikwa na rangi ya matope.

Kwenye barrière, pale basoda banasimamisha magari, soda mumoja alicheka: «Papa, hii maiti unaenda kuizika wapi?» Akanipitisha.

Nilifurahi mpaka Vulamba, mutaa wetu. Pale hapana mutu alitambua jeep wala kunisalimia, hata jirani.

Kesho naenda Kasindi, kwenye mupaka, kupokea bibi yangu na batoto. Vita iliwakimbizia kule Uganda, sasa banarudi. Banangojea jeep nyeupe. Naogopa bataiacha ipite.

Kitu kimoja nilimukataza Kambale kugusa: klaksoni. Batoto banajua mulio wake.