Gari la Kwenye Picha

Mjukuu wangu Tumaini, mume wangu,

Huku Uyole tumeamka salama. Viazi vimekubali, na baba yako amenijengea jiko ambalo majirani wanakuja kulitazama tu.

Umeniuliza lile gari dogo kwenye picha yangu ya zamani, unalolitengeneza upya kwenye kompyuta na kulibadilisha matairi, lilikuwa la rangi gani. Mume wangu, naona aibu. Gari lenyewe halikuwepo. Miaka ile ya sabini, mpiga picha wetu wa Mbeya alikuwa anakata gari kwenye gazeti, anakubandikia pembeni kwenye picha yako, kisha anaipiga upya. Nilikuwa nimempakata baba yako, mtoto mzuri kuliko wote Uyole, nikaona hastahili kukaa na maua ya plastiki ya studio. Nikaituma kwa mama mkwe, Mafinga.

Akaja kututembelea juu ya lori la mbao, kanga yote vumbi.

"Mwanangu, gari liko wapi?"

"Limeharibika, mama. Liko kwa fundi."

"Pole sana."

Mezani akafumba macho akaomba, "Baba, liponye gari la watoto wangu." Babu yako akaitikia amina huku akinitazama mimi. Mama mkwe akaliombea kila tulipokula mpaka alipoondoka, nami sikuthubutu kumwambia.

Rangi chagua mwenyewe, una jicho zuri, umelirithi kwangu. Ila ukiwaonyesha watu, waambie umelitengeneza kwenye kompyuta tu, wasije wakaliombea.

Ni mimi bibi yako, ninayekutangaza mtaa mzima.